Boksi Linasema Sitini

Jamani, boksi limeandikwa 60. Kilometa sitini kwa saa. Namba nyekundu, kubwa, ina moto unatoka nyuma. Mimi ni nani nibishane na boksi? Barabara za mjini hapa kibao kinasema 50. Maana yake nilikuwa nanunua gari la rimoti lenye sifa za kupigwa tochi na trafiki. Mimi mwenyewe sijawahi kupigwa tochi. Sijawahi kumiliki gari. Nikaona heshima ndiyo hii inakuja, tena kwa laki na sitini.

Chini ya hiyo sitini kuna 1:14. Hapo sikuuliza mtu. Anayecheza mikeka anajua, hiyo ni odi. Nikajisemea, Wachina nao wamejiongeza, gari linakuja na bonasi. Kumbe ni ukubwa. Sentimita moja ya kigari ni sentimita 14 za gari la kweli, kwa hiyo gari la mita nne na ushee linaishia kwenye sentimita thelathini hivi. Haya, sawa. Sasa si waandike sentimita thelathini? Rula tunazo.

Nilimnunulia mtoto. Nasema mapema maana watu wana maneno. Mtoto ana miezi minane, hajasimama, na chochote akikishika anakilamba. Lakini mzazi anajipanga. Mke wangu akaiangalia ile rimoti yenye umbo la bastola na kiusukani ubavuni, akauliza, "Ataishika lini hii?" Nikamwambia akikua. Akaliangalia boksi, akaniangalia mimi, akatoka nje kuanua nguo. Kuna namna mwanamke anaanua nguo, unajua umetukanwa.

Muuzaji wa Kariakoo alinielekeza vizuri sana. "Bosi, hii ni hobi, siyo toi." Nikamuuliza tofauti ni nini. Akasema toi ni elfu thelathini, hobi ni laki na themanini, ila kwa sababu ni mimi ananifanyia laki na sitini. Hanijui yule. Lakini nilielewa somo.

Sasa mtaani kwetu kuna dogo. Mtoto wa jirani, yuko fomu tuu. Hana gari la rimoti, hajawahi kuwa nalo, ila anakesha na video kwa bando la mama yake. Jioni anakuja barazani kwangu. "Shikamoo anko." Marahaba. Na hapo ndipo anapoingia. Mtu akishakuamkia kwa adabu humuwezi tena. Utamfukuzaje?

Nikampa gari nikijua atawasha, atashangaa, ataniita legendi. Hakuwasha. Aliligeuza miguu juu. Jamani! Mimi gari nimelinunua kwa sura, yeye anakagua tumbo. Akashika tairi ya mbele, akaitikisa kushoto kulia. Taka taka taka.

"Anko, ina plei."

Nikamwambia ndiyo, si ni gari la kuplei. Hakucheka. Watoto wa siku hizi hawana utu. Akanieleza kwa upole kwamba plei kidogo kila gari linayo, hata yale ya bei mbaya, na isipokuwepo kabisa vitu vinabana. Ila hili langu ukitikisa tairi, mkono wa sapoti nao unatikisika, stelingi inajibu, na tairi ya upande wa pili inasalimia. Akaizungusha. Ikakoroma, ikasimama. "Humu hamna beringi, anko. Ni bushi za plastiki." Bushi zikiingia mchanga zinalika, tundu linapanuka, ekseli inaanza kucheza, na ekseli ikicheza gia nazo zinaanza kukutana vibaya. Beringi zenyewe ni vidude vidogo vya chuma, seti nzima siyo hela ya kumliza mtu. Nikamuuliza, kama siyo hela ya kumliza mtu, aliyetengeneza alishindwa nini kuweka? Dogo kanyamaza. Mimi jibu ninalo. Alijua nitanunua tu.

Akalikandamiza chini kwa kiganja, akaliachia. Likaruka. Mimi nikafurahi, nikajua lina nguvu. "Hapana anko. Shokapu yenye oili inapanda taratibu. Hii ni springi tupu." Akafungua kifuniko cha shokapu moja akanionyesha. Pakavu. Hata harufu ya oili hamna. Na nje imepakwa rangi ya dhahabu, inang'aa, hiyo dhahabu ndiyo iliyoniuzia gari. Akasema kuna kipimo cha dukani ambacho hakihitaji hata bisibisi. Unalidondosha gari likae na tairi zake, kutoka urefu wa kiganja hivi. Lenye shokapu za maana linatua, linatulia. Langu lilidunda mpaka kuku wa jirani wakahama. Dukani unadondoshaje gari la mtu? Muuzaji mwenyewe alinikataza hata kugusa stika.

Tukaja kwenye mikono ya sapoti. Dogo akabinya mmoja kwa kidole gumba. "Hii siyo nailoni." Nikashukuru Mungu. Nailoni zilipigwa marufuku tangu Juni 2019, nisingependa mgambo wanikute nazo barazani. Dogo akafumba macho kidogo, akafumbua. Anasema nailoni hii nyingine ndiyo plastiki inayotakiwa, unaipinda inarudi. Hizi za bei chee wanaweka plastiki ngumu, ukiipinda inaacha mstari mweupe, na ule mstari mweupe ndipo itakapokatikia. Akapinda kidogo kunionyesha. Mstari mweupe ukatokea. Asante dogo. Mstari nimeuona. Sasa kila nikiliangalia gari naona mstari.

Halafu akatoa sumaku mfukoni. Nani anatembea na sumaku? Kaing'oa kwenye spika iliyokufa. Boksi langu linasema gia za metali. Akapitisha sumaku kwenye gia. Haikushika. Akapitisha kwenye ekseli. Haikushika. Akapitisha kwenye skrubu, ikashika, tena kwa nguvu. Yaani chuma pekee kwenye gari langu ni skrubu. "Metali siyo lazima iwe chuma, anko. Hii ni zinki, ya kumiminwa." Boksi halijadanganya. Zinki ni metali. Mimi ndiye sikuliuliza boksi ni metali ipi. Zinki inamiminwa kwenye umbo kirahisi, inapendeza, ina uzito wa kukudanganya mkononi, ila meno yake yakigongana na kitu kigumu hayapindi, yanang'oka.

Nikaona nimkomeshe. Nikamwambia nitanunua mikono ya alumini, ile ya bluu inayong'aa, nifunge pande zote nne, tuone nani atasema nini. Hata hapo ana jibu. Mkono wa plastiki nzuri ni fyuzi ya nyumbani. Gari likigonga, wenyewe unapinda unarudi, au ukizidiwa unakatika, unabadilisha kwa hela ndogo. Wa alumini ukipinda umepinda. Usipopinda, ule mshindo unapita unaenda nyuma, kwenye boksi la gia, na boksi la gia langu ni la ile plastiki ya mstari mweupe. Kwa hiyo ningetoa hela yangu kununua kitu cha kuvunjia kitu kingine changu. Nikamwambia dogo aende akafanye homuweki.

Kesho yake karudi. Shikamoo anko. Safari hii ana kisimu chenye GPS, kakifunga kwa raba bendi juu ya chesisi, chini ya ganda la gari. Tukaenda uwanjani. Nikaminya triga mpaka mwisho, kidole kikauma. Watu wakakusanyika, maana mtaa wetu hauna kazi. Simu ikasoma 31. Thelathini na moja! Nusu nyingine ya safari imebaki kwenye boksi. Mzee mmoja wa kijiweni akasema pengine sitini ni ya kwenda na kurudi. Watu wakacheka wakakaa chini. Dogo kwa kunitetea akasema kuna wauzaji wanapiga hesabu ya kasi kwa ukubwa, yaani wanazidisha. Nikatoa simu, nikazidisha 31 kwa 14. Nikapata 434. Ndege ya abiria ikiruka pale uwanja wa Nyerere haifikishi hiyo. Basi nikawatangazia pale kwamba gari langu linaizidi ndege. Wakacheka upya.

Betri nayo. Imeandikwa 5000 mAh. Dogo akaichana nailoni, ile ya marufuku sasa, akakuta vijiti viwili vya 18650. Hizo namba ni vipimo, milimita 18 upana, milimita 65 urefu, ndizo zilezile za kwenye matochi. Anasema kijiti cha kawaida cha saizi hiyo hakizidi 3600 hivi. Na ukiunga viwili kwa kufuatana, volti ndizo zinajumlishwa, 3.7 na 3.7 unapata 7.4, uwezo unabaki wa kijiti kimoja. "Sasa 5000 imetoka wapi?" nikauliza. "Kwa printa," akasema dogo.

Eti kuna namna ya kuhakiki. Kijiti cha ukweli kina gramu 45 au zaidi kidogo. Viwili vinapita 90. Mizani ya Mangi wa duka la mtaani inaanzia robo kilo, na hata hiyo robo ina maswali. Mwenye mizani ya gramu mjini ni sonara. Nikaenda kwa sonara. Foleni ya akina mama na cheni zao zilizokatika, mimi katikati, nimefumbata mkono. Zamu yangu ikafika. Sonara akavaa lenzi jichoni. "Leta mzigo." Nikaweka betri. Akavua lenzi. Hakusema kitu kwa muda. Mama mmoja nyuma yangu akasema, "Maisha yamekuwa magumu." Ikapima 68. Nikamwomba apime tena labda mizani ina dhahabu imebaki. Akaniambia nimpishe mteja.

Lakini yote hayo cha mtoto. Skrubu ndizo zilizoniaibisha. Gari likikimbia mota inatetemesha kila kitu, skrubu zinajifungua zenyewe. Zinazoingia kwenye plastiki zina afadhali, zinang'ata. Zinazoingia metali kwa metali, ikiwemo ile ndogo inayobana gia kwenye shafti ya mota, zinataka gundi yake maalumu. Hapa mtaani hiyo gundi huipati. Dogo akasema wazoefu wanatumia rangi ya kucha. Tone moja tu, metali kwa metali, isiguse plastiki maana inaweza kuila.

Duka la vipodozi. Mwanaume mzima. Nikasubiri wateja watoke, wakaingia wengine. Nikanong'ona. Dada wa duka hajui kunong'ona. "RANGI YA KUCHA? Rangi gani kaka?" Nikasema yoyote. Akasema hakuna yoyote, kuna pinki, kuna maruni, kuna ya kumeremeta. "Ni ya wifi?" Hapana. "Ya kwako?" Hapana, ya gari. "Gari lina kucha?" Duka zima kimya. Nikaanza kueleza habari za mota na mtetemo, na nadhani ndipo nilipozidi kupotea. Akanionea huruma, akanishika mkono, akanipaka kidole kimoja pinki nione inavyokauka. Hakunifuta. Nimepanda daladala nimesimama, mkono juu kwenye bomba, kucha moja pinki, na konda ananiambia, "Dada sogea, samahani, kaka sogea." Nimefika nyumbani, mke wangu kaichukua ile chupa. Hakuuliza ni ya nini. Kasema ndiyo rangi aliyokuwa anaitafuta. Skrubu zimekaa hivyohivyo.

Gari lilikufa kwa jiwe. Na siyo jiwe la maana. Jiwe la kokoto, mtoto anamrushia kunguru. Tairi ya mbele ikagonga, mshindo ukapanda kwenye stelingi, ukaingia kwenye servo, yaani kile kimota kinachokata kona. Magari yanayojiheshimu yana kispringi kati ya servo na tairi, kinameza ule mshindo. Langu nalo linacho, dogo alikiona, ila kimekazwa kigumu hakimezi chochote. Meno ya servo yakaenda. Sasa gari linakwenda mbele na nyuma. Kona halikati. Ukitaka likate kona unalifuata unaligeuza kwa mkono.

Nikaona jambo dogo, nitanunua servo. Nikaipeleka ile iliyokufa kwa fundi redio. Akahesabu nyaya. Tano. Akahesabu tena. Akaita fundi mwenzake naye akahesabu. Mimi nikadhani nimebarikiwa, zangu nyingi. Kumbe servo ya kawaida ulimwenguni ina nyaya tatu: moja ya moto, moja ya hasi, moja ya maelekezo, na akili yake imo ndani yake mwenyewe. Hii yangu haina akili. Akili yake iko kwenye bodi ya gari, na bodi hiyohiyo ndiyo inapokea rimoti, ndiyo inaamuru mota. Zote tatu kwenye kipande kimoja. Kikiungua kimoja mmeungua wote. Na servo ya nyaya tatu ukiichomeka pale haielewani na mtu. Fundi akanirudishia, akasema, "Kaka, hii ungeuliza kabla." Ningeuliza nani? Nani anaingia dukani anauliza nyaya?

Dogo anauliza. Ndiyo maana namchukia. Anasema swali la kwanza la gari la bei chee siyo kasi, ni spea. Ananionyesha WLtoys 144001, nayo ni 1:14, ya Kichina, siyo ya matajiri, sakafu yake ya alumini, na kila kipande kina namba yake, unaagiza kimoja kimoja. Ananionyesha WPL D12, ya 1:10, sura ya Suzuki Carry. Kirikuu! Kirikuu kamili, na bodi la mzigo nyuma. Haijidai kwa kasi, inasukuma tairi za nyuma tu, na inafunguka mpaka skrubu ya mwisho. Kuna kirikuu ya rimoti duniani na mimi nimeuziwa moto na dhahabu. Roho inauma.

Halafu akamalizia na Wajapani. Tamiya, wa Shizuoka. Gari lao la kwanza la rimoti ni Porsche 934, 1976. Grasshopper yao ilitoka 1984, chesisi ni beseni la plastiki, vitu vichache, hakuna dhahabu popote, na bado wameirudisha sokoni watu wanainunua. Na inakuja ikiwa vipande! Unapewa boksi la vipande unafunga mwenyewe, ndiyo raha yenyewe, ndiyo unajua kila kitu kilipo. Yaani wenzetu wanalipia gari likiwa vipande. Mimi langu nimelifikisha hatua hiyo kwa jiwe moja.

Mimi boksi langu hata jina sijaliona. Kuna herufi nyingi, haziungani kuwa neno. Spea zake ukizitafuta unapata picha ya boksi lenyewe. Na mtoto kishaanza kusimama. Anajishikilia kwenye rimoti.

Kwa hiyo natangaza. Lipo gari la rimoti, hobi siyo toi, 1:14, shokapu za dhahabu, gia za metali, linakwenda mbele na nyuma vizuri. Kasi kama ilivyoandikwa kwenye boksi, na boksi lipo. Bei laki moja, maongezi yapo. Mteja aje mchana, aje peke yake, asije na bisibisi wala sumaku, na akija na mtoto wa sekondari simfungulii.